Sura ya Mwisho Uliyoishona kwa Uzi Mweupe

Mama Faustin, mke wangu,

Nimekuficha mambo mawili. Naanza na lile dogo, mkono uzoee kalamu kabla ya kufika kwenye lile kubwa.

Muda wote wa ndoa yetu nilikuwa nasoma mwisho kwanza. Kila kitabu cha upelelezi kilichoingia nyumbani ulikuwa unakishona siku hiyohiyo: sura ya mwisho yote, ukingo kwa ukingo, kwa uzi mweupe, ili mimi na wewe tusome tukiwa sawa, bila kumjua muuaji. Sheria yako ilikuwa kwamba hakuna kukata uzi mpaka kila mmoja amtaje anayemshuku na aeleze sababu zake. Nami, ukishakwenda sokoni, nilikuwa nafungua fundo, nachomoa uzi polepole, nasoma nani ameua, kisha nashona tena katika matundu yaleyale. Ukirudi unanikuta katikati ya kitabu nimekunja uso. "Prof, unamushuku nani?" Nilikuwa nakutajia mtu asiye na hatia, tena kwa sababu nzuri, na wewe ulikuwa unacheka mwalimu mzima anavyopotea.

Lile kubwa litafuata. Nisiposema sasa nitaondoka nalo, na mtu mwingine pekee aliyelijua ametangulia. Daktari alizungumza na Noella nje ya mlango akidhani sisikii. Binti yetu aliporudi ndani alinipangusa uso kwa kitambaa, na uso wangu haukuwa na kitu. Hata wewe ungefahamu, bila kuhitaji kurasa zaidi. Barua hii nimemwomba aisome kwa sauti mbele ya wasomaji wako wa mtaa wetu wa Mabanga, wale mama ambao mpaka leo wanapita hapa kuuliza habari. Ni yako, lakini na wao wasikie.

Tulikutana kwa ajili ya mwisho, unakumbuka? Mimi nilikuwa kijana kutoka upande wa Bukavu, mwalimu mpya wa Kifaransa katika shule ya mapadri. Wewe ulikuwa binti wa Butembo uliyekuja Goma kuuza vitenge vya kaka yako. Uliingia katika chumba cha walimu na kitabu kisicho na kurasa za nyuma. Muuza karanga alikuwa amezichana kufungia karanga zake. Mji wetu unajua hilo: muuzaji anaanza kuchana kutoka nyuma, na ndiyo maana siku zile vitabu vingi vya Goma vilikuwa na maiti bila muuaji. Ulitusalimia wote kwa heshima, halafu ukauliza kama kuna anayejua ni nani aliyemuua yule mzee tajiri. Wenzangu walidhani umekuja kushtaki kifo cha ndugu.

Kitabu hichohicho kilikuwamo katika maktaba ya mapadri. Nilikuazimia, lakini kabla ya kukupa nilisimama kati ya rafu nikasoma ukurasa wa mwisho. Huo ulikuwa wizi wangu wa kwanza. Ulipokirudisha ulisema ulikuwa umemjua muuaji tangu zamani, ni daktari wa familia, kwa sababu katika sura ya chai ni yeye peke yake aliyekataa kunywa. Ulisema, "Mutu mwenye anajua kile kiko ndani ya kikombe, hanywi." Mimi niliyejua mwisho sikuwa nimeona hiyo chai hata kidogo. Nadhani nilikupenda hapo.

Ulianza kushona tulipooana. Ulisema muuza karanga, watoto na mume ni maadui watatu wa sura ya mwisho.

Sijaona mtu aliyejua kumpa mwenzake kitabu kama wewe. Kwenye meza yako ya soko vitenge vilikuwa juu na vitabu chini, na watu walikuita Mama Ankete, kwa kuwa kila mara ulikuwa unasema ankete haijaisha, uchunguzi bado. Muuguzi ulimpa vya sumu, ili akusahihishie dawa. Mke wa askari wa kambi ya Katindo alikuomba kitabu ambacho ndani yake hakuna bunduki, maana za nyumbani zilimtosha. Ulimtafutia kimoja ambamo mtu anasukumwa ngazini, akakushukuru kama aliyepewa dawa ya usingizi. Asiyesoma Kifaransa ulimsimulia kwa Kiswahili huku unampimia kitenge, ukifika kwenye sura ya mwisho unanyamaza, unakunja kitambaa, unamwambia arudi na jina.

Ulikuwa mkali kwa kitabu kibaya. Kama muuaji alitokea nje, mtu wa barabarani asiyejulikana, aliyeletwa kurasa chache kabla ya mwisho, ulikitupa kitandani. Ulisema huo ni udanganyifu. Muuaji lazima awe ndani ya nyumba, awe amekula mezani pamoja na wengine. Faustin wetu, alipokuwa ameanza kuota ndevu, alikuwa anakuchokoza: "Mama, mi najua. Muuaji ni muuza karanga." Alikuwa anakuambia hivyo kwa kila kitabu, na alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusema.

Kisha ukaja mwaka ambao wakimbizi walivuka mpaka wakajaa mji mzima. Walilala juu ya mawe meusi, moshi wao ukafunika barabara, na watu wakawa wanazikwa bila majina. Siku moja nilipita mezani kwako nikakuta unampa kitabu mama mmoja wa kambini, aliyekuwa amesoma kwa masista huko kwao, na ambaye alikuwa amezika watoto wake ndani ya juma moja. Alipoondoka nilikugombeza. Nilikuambia mtu aliyefiwa hapewi maiti nyingine.

Hukuinua macho. Ulikuwa unakunja kitenge. "Prof, hapa batu banakufa mingi, na hakuna mwenye anauliza. Mu kitabu mutu moja tu anakufa, na nyumba yote inasimama. Hakuna mwenye kutoka mupaka ijulikane. Acha naye aone vile inapashwa kuwa."

Nilifundisha fasihi miaka mingi, Masika. Sijawahi kusema jambo la maana kama hilo darasani.

Zamu yetu ilipofika ya kukimbia, mimi nilibeba godoro na Noella alibeba sufuria. Wewe ulibeba vitabu ndani ya beseni, umevifunika kwa sombe, majani ya muhogo, ili watu wasikucheke. Tulifika upande wa Sake tukapewa kona katika darasa la shule, familia nyingi pamoja, mvua haiachi. Mchana watu walikuwa hawana la kufanya isipokuwa kusikiliza mizinga kwa mbali, nawe ukaanza kuwasimulia. Siku ya tatu au ya nne ulifika kwenye uzi mweupe, ukafunga kitabu. Mzee mmoja aliyekaa karibu na ubao alilalamika.

"Mama, tuambie tu. Kesho tunaweza kuwa tumekufa."

Ukamjibu, "Njo sababu sisemi, muzee. Mutu mwenye anangojea mwisho hafi mbio."

Darasa zima lilicheka, na yule mzee akacheka kuliko wote. Kesho yake alikuwa wa kwanza kuamka, na jina la muuaji mdomoni. Alikosea, lakini alikuwa mzima. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye dirisha lililovunjika nikikutazama, na maneno yako yaliniingia nikayaweka. Nisamehe, nilikuja kuyatumia dhidi yako.

Tulirudi Mabanga. Nyumba ilikuwa imefunguliwa na kila kitu kimechukuliwa isipokuwa rafu ya vitabu, na wewe ulisema wezi wa siku hizi hawana elimu. Biashara ilianza tena polepole. Kaka yako akatuma habari kwamba vitenge viko Butembo, aje mtu wa kuvichukua. Nilikuambia barabara si nzuri. Ulisema kamio za mizigo zinapita, wengine wanakwenda na kurudi, na Faustin si mtoto tena. Yeye mwenyewe alitaka. Aliondoka asubuhi amekaa mbele pamoja na dereva, Kambale, jamaa wa kwenu, na alipopita kwenye kona alitoa kichwa dirishani akakupigia kelele kwamba amemjua muuaji. Ulimjibu, "Ni muuza karanga!" Ndilo neno la mwisho ulilomwambia.

Kwenda alifika. Kaka yako alithibitisha: alilala, alikula, akapakia vitenge, akaondoka. Kurudi hakufika. Uliuliza kwa kila dereva aliyetoka kaskazini. Ulikwenda kwa mapadri, ulikwenda kambini Katindo na yule mke wa askari, ukarudi bila habari. Ulikaa mezani hujafunua vitenge.

Wiki chache baadaye nilikuambia nimeitwa Rutshuru kusahihisha mitihani ya taifa. Ulinitazama. Ulinifungia chikwange, mkate wa muhogo, na samaki ndani ya kile kitenge cha buluu chenye mbayuwayu, kile kilichochakaa, ulichombebea Faustin mgongoni tangu hospitali alikozaliwa mpaka alipokataa kubebwa. Ulisema ni chepesi, hakitanisumbua njiani. Nilitaka kukuomba unipe kingine. Sikuweza kupata sababu.

Niliporudi ulikuwa jikoni. Ulichukua mikono yangu kuipa maji, ukaigeuza. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, mengine yamepasuka. Mimi, mtu wa chaki. Ulivitia kwenye maji ya chumvi, ukavishika humo muda mrefu, na mwisho ukasema polepole:

"Mitihani ya mwaka huu iko nguvu, Prof."

Uliuliza kitenge kiko wapi. Nilisema nimekisahau ndani ya gari. Wewe uliyeweza kuulizia kijiko kimoja kwa mwezi mzima, hukunigombeza. Hukukiuliza tena kamwe.

Jumapili moja baada ya misa ulikaa mlangoni na kitabu kipya mapajani, umeshamaliza kukishona, uzi umekatwa kwa meno. Nilikaa karibu nawe. Ukaniuliza, "Prof, umesoma mwisho?"

Kitabu kilikuwa kimefunikwa kwa viganja vyako vyote viwili. Hukuwa unakitazama. Ulikuwa unanitazama mimi.

Nikasema, "Bado."

Neno hilo moja. Watu wetu wanalipenda kwa sababu halikatai. Ukiulizwa kama umeoa na hujaoa, huwezi kusema hapana, unasema bado, kwa heshima ya kesho. Nalo likawa jibu la nyumba yetu. Mama wa sokoni walikuuliza, "Mama Faustin, mutoto alirudi?" Ulijibu bado. Padri aliuliza, bado. Kila Noeli uliweka sahani yake, samaki wadogo wa sambaza na ugali, na kama kuna mgeni aliyeuliza ni ya nani, ulisema ni ya mtu ambaye bado. Na kila uliposema ulinitupia jicho dogo, kama unaniachia mlango wazi kidogo. Sikupita. Nilikuwa nasema moyoni: mtu anayengojea mwisho hafi mbio. Ni wewe mwenyewe uliyesema.

Lakini hiyo haikuwa sababu yote. Sababu ni kwamba nilijua jinsi unavyosoma. Ungeambiwa mwisho, ungerudi nyuma kutafuta muuaji, na usingekubali atoke nje. Ungemtafuta ndani ya nyumba, kati ya watu waliokula mezani. Ungeuliza ni nani aliyesema kamio zinapita. Ungeuliza vitenge vilikuwa vya nani. Kabla ya jioni ungekuwa umejitaja mwenyewe, na sababu zako zingekuwa nzuri, kama kawaida.

Miaka ikapita hivyo, vita juu ya vita, tukikimbia na kurudi. Nywele zako zikawa nyeupe kama ule uzi. Ulipolala kitandani na hukuweza tena kwenda sokoni, ulitaka nikusomee. Tulikuwa na kitabu kimoja tulichokuwa bado hatujakimaliza. Mchana ule jua lilikuwa limeingia chumbani na Noella alikuwa nje anaanika nguo. Nilifika kwenye sura iliyoshonwa, nikasimama, nikakuomba jina. Ulinyoosha mkono wako wa kushoto, ule ambao masista waliuchapa fimbo utotoni ili ushonee wa kulia, nawe ulipotoka kwao ukaendelea na wa kushoto. Uligusa fundo.

"Hii ni yako," ulisema. "Yangu inageuka upande ule. Toka kitabu ya kwanza minajua."

Ulicheka kidogo, kifua kikakuuma. "Uliona mwisho yote, Prof. Yote. Na mi nilikuacha." Kisha ukasema, "Leo kata uzi. Unisomee."

Nilichukua wembe nikakata. Nilikusomea sura ile yote, neno kwa neno. Mtunza bustani alikuwa mtoto wa marehemu, na kila mtu akasimama sebuleni akasikiliza. Nilipofunga kitabu ulikuwa bado unanitazama, unangoja.

"Huu njo mwisho?" ukauliza.

"Huu njo mwisho."

"Sawa," ukasema, ukageuza uso ukutani.

Siku mbili hukusema na mimi neno lolote zaidi ya maji na asante. Ya tatu tulikuwa tunakuimbia nyimbo za msiba. Ulinifungulia mlango wazi kabisa, Masika, na mimi nikakusomea kitabu.

Sasa najilaza upande wako wa kitanda. Vitabu viko, Noella anawaazimisha mama wa sokoni, naye anashona kwa mkono wa kulia. Kambale dereva alizikwa mwaka jana. Nimebaki mimi peke yangu ninayejua, na binti yetu ananiuliza kila asubuhi kama nimelala vizuri, na kila asubuhi najibu bado kidogo. Sitaki kumwachia neno hilo. Sitaki awe mzee akiweka sahani.

Kwa hiyo pumzika, mama wa watoto wangu. Unitunzie nafasi, sitachelewa. Mimi kijana wa Bukavu niliyesimama kati ya rafu nakata uzi huu wa mwisho, mbele ya wasomaji wako wote, bila kuruka ukurasa.

Hapakuwa na mitihani Rutshuru. Kambale alikuja shuleni saa ya mapumziko, akaniita nyuma ya tangi la maji, akaniomba nisikwambie. Walikuwa wamesimamishwa kabla ya kufika Rumangabo. Yeye alikimbilia porini, mtoto wetu hakuwahi. Ni watu wenye silaha, sijui majina yao, hakuna aliyewakusanya sebuleni. Ni kitabu kibaya, kama ulivyosema: muuaji alitoka nje. Nimekisoma kutoka mwanzo na kutoka mwisho, na ndani ya nyumba yetu hamna muuaji. Si wewe. Hukuwa wewe kamwe.

Noella, sikiliza vizuri. Ukitoka Goma, pita Rumangabo, endelea mpaka mstari wa mikaratusi ulio upande wa kushoto, upande wa mkono wa mama yako. Chini ya mti wa mwisho kuna mawe mawili meusi niliyoyapanga mimi. Faustin yuko hapo. Nilichimba pamoja na Kambale kwa majembe ya kuazima, na kabla ya kumfukia nilimfunika kwa kitenge cha mbayuwayu.

Mume wako,
Papa Faustin